Msamaha wa siku tatu za Medicare ulishakoma

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, inakataa kulipia kituo cha uuguzi ilhali mama amelala hospitali siku nne, wakati mama wa jirani yako Minneapolis mwaka 2021 alipokelewa bila hata kulazwa.

Kipindi kile ilikuwa dharura ya korona. Tangu Machi 2020 serikali ya Marekani ililegeza sharti la kulazwa hospitali siku tatu mfululizo kabla Medicare haijalipia kituo cha uuguzi, ili vitanda vya hospitali vibaki kwa wagonjwa mahututi. Msamaha huo ulikoma tarehe 11 Mei 2023.

Sasa kagua makaratasi ya mama. Kulala wodini na utepe mkononi si lazima iwe amelazwa. Kama ameandikwa yuko chini ya uangalizi (observation), yaani anaangaliwa tu bila kulazwa rasmi, siku hizo hazihesabiwi katika zile tatu, wala siku ya kuruhusiwa. Je, alisainishwa karatasi iitwayo MOON? Hiyo ndiyo taarifa ya uangalizi, na inaniuma jinsi wazee wetu wanavyoisaini bila kuelezwa.

Kama bado yuko wodini, mwombe daktari leo hii aangalie upya iwapo anastahili kulazwa rasmi. Kama alilazwa kwanza kisha wakambadilisha, ana haki ya kukata rufaa. Na kama kadi yake ni ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, ipigie simu kampuni hiyo kwanza: mipango mingi haidai hizo siku tatu. Washauri wa SHIP, mpango wa kuwashauri watu kuhusu Medicare, wapo kila jimbo, bure. Omba mkalimani wa Kiswahili.