Maswali ya Wasomaji: Nianze na Kemia au Historia?

SWALI: Mhariri, mwezi Agosti naanza mwaka wa kwanza katika chuo cha jamii (community college) hapa California. Nataka baada ya miaka miwili nihamie University of California kusomea digrii ya biolojia. Wenzangu wanasema nimalize kwanza Kiingereza, historia na masomo mengine mepesi, sayansi zingoje mwaka wa pili. Nifuate ushauri huo?

JIBU: Usiufuate, hasa hilo la sayansi kungoja. Biolojia yenyewe haikuchukulii muda mrefu; ni kozi mbili au tatu. Kinachopanga kalenda yako ni kemia. Kemia ya jumla ina sehemu mbili, kemia ogania nayo mbili, na huingii moja kabla ya kufaulu iliyotangulia. Hizo tayari ni semista nne. Ukipangiwa kemia ya utangulizi kwanza, zinakuwa tano, na miaka miwili haitoshi. Kwa hiyo uliza leo, kabla ya Agosti, kama chuo chako kina mtihani wa kukuvusha kozi hiyo, au kama unaweza kuisoma kipindi cha kiangazi.

Semista ya kwanza chukua kemia ya jumla, hisabati ya kukufikisha kwenye kalkulasi, na Kiingereza. Ya pili, endelea na kemia, ingia kalkulasi na uanze biolojia. Historia na ndugu zake zitajaza mapengo na majira ya kiangazi.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Maombi ya kuhamia hupokelewa kuanzia Oktoba 1 hadi mwisho wa Novemba, karibu mwaka mzima kabla ya kuingia. Unapoyatuma, alama ulizo nazo ni za mwaka wa kwanza na kiangazi chake tu. Kama hamna sayansi humo, wanaochagua watakupima kwa lipi?

Usikisie kozi zipi zinahesabika. Fungua tovuti ya ASSIST, inayoonyesha kozi zipi za vyuo vya jamii zinakubaliwa na vyuo vikuu vya umma vya California; chagua mwaka, chuo chako, kampasi ya University of California unayoitaka, kisha biolojia. Soma makubaliano ya kila kampasi unayoifikiria, kwa sababu hayafanani: moja itadai fizikia kabla hujahamia, nyingine itaipendekeza tu. Angalia pia kozi zilizounganishwa kwa neno “na”. Hizo ni fungu moja. Ukisoma nusu, nusu hiyo haikufidii chochote. Ndiyo maana si busara kusoma biolojia ya kwanza chuo hiki na ya pili chuo kingine.

Mtego unaonasa wengi ni kozi ya biolojia kwa wasiosomea sayansi. Jina lake linavutia, uniti zake (vipimo vya uzito wa kozi) zinahamishika, lakini kwenye digrii ya biolojia haizibi pengo lolote.

Kuhusu mzigo: maabara moja huweza kula saa tatu kwa kikao, tena mara mbili kwa wiki, mbali na mihadhara na ripoti. Mbili kwa semista zinatosha. Tatu ndipo alama zinapoporomoka, na alama ndizo zitakazokuhamisha.

Na usiogope kupitiliza uniti 70 za semista. Chuo kikuu hakitaongeza uniti juu ya hapo, lakini somo ulilofaulu litaendelea kutimiza sharti lake.