Mashine ya mkono ya kusagia nyama imeshika kutu: je, niitie motoni?

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua kwa wauza mitumba wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, mashine ya zamani ya kusagia nyama, ya kuzungusha kwa mkono, iliyoandikwa Alexanderwerk na namba 8. Nati ya mbele imekamata, kisu kina kutu, na ndani kuna rangi ya fedha iliyobanduka. Jirani yangu mhunzi anataka kuitia kwenye moto wa mkaa, aisugue kwa grenda, kisha aipake bati upya. Nikubali? (Msomaji, Uyole)

Jibu: Marahaba. Mwombe jirani yako asubiri, kwa sababu yote matatu anayokusudia yanaweza kuiua mashine ambayo, kwa maelezo yako, bado ni nzima.

Rangi hiyo ya fedha, kwa mashine za aina hii, huwa ni bati halisi, madini laini yanayoyeyuka kwenye nyuzi joto 232 za Selsiasi, na moto wa mhunzi hupita kiwango hicho mapema sana. Bodi yenyewe ni chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, kigumu lakini kisichopindika, kwa hiyo kikipata moto upande mmoja huweza kupasuka. Kisu nacho kikiiva hupoteza ugumu na hakishiki makali tena. Grenda, kwa upande wake, itakwangua hata bati ambalo bado limeshika vizuri.

Katika kupaka bati upya ndipo lugha yetu inapotuponza. Mabati ya kuezekea hayakupakwa bati bali zinki, au zinki iliyochanganywa na alumini, na zinki huliwa upesi na limau, siki na nyanya, ikaingia kwenye chakula. Waya wa kulehemu wa mafundi redio mara nyingi una risasi, ambayo ni sumu. Usipompata fundi mwenye bati safi na anayejua vyombo vya chakula, iache bodi ilivyo.

Anza na nati. Idondoshee mafuta ya taa kwenye mzingo wake asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu, ukiigonga taratibu kwa kipande cha mti, kwani nyundo ya chuma hukata masikio yake. Ikilegea, piga picha ya mpangilio kabla ya kutoa chochote. Mimi niliwahi kurudisha kisu kinyume, nyama ikatoka kama uji. Upande wake bapa ndio unaolalia sahani yenye matundu.

Kisu na sahani, hivyo viwili tu, vitie kwenye siki ya kawaida ya dukani na uvitazame kila nusu saa. Usivilaze humo usiku kucha, maana siki ikimaliza kutu hugeukia chuma. Visuuze kwa maji yenye kijiko cha magadi soda ili kuua ukali uliobaki. Bodi na parafujo, ile skrubu ndefu ya ndani inayosukuma nyama, vioshe kwa sabuni, maji moto na brashi ya nailoni.

Kazi inayoamua kama mashine itakata au itaponda ni kunyoosha nyuso. Laza msasa wa maji namba 400 juu ya kioo, usugue upande bapa wa kisu kwa mwendo wa kuchora umbo la nane mpaka ung'ae sawasawa, umalizie kwa namba 600, kisha ufanye vivyo hivyo kwa sahani. Vibane pamoja na uvielekeze dirishani: ukiona mwanga unapenya kati yao, rudi kwenye msasa.

Kausha papo hapo kando ya jiko, kwa kuwa katika mvua na ukungu wa kwenu chuma kilichooshwa hugeuka rangi ya chungwa kabla chai haijapoa. Paka mafuta ya kula membamba, na uyaoshe kabla ya kusaga. Mara ya kwanza saga mkate mkavu na uutupe, kwani utatoka na weusi uliobaki.

Kisu kikiwa kimelika kupita kiasi, nunua kingine kwa namba hiyo hiyo 8, ambayo sahani yake ina kipenyo cha karibu milimita 62. Nenda na kile cha zamani dukani, ulinganishe pia tundu la mraba la katikati.