Kwa wanaoanza kuchambua takwimu za uzazi: fuateni rika, si mwaka

Kiwango cha jumla cha uzazi ndicho mtakachokutana nacho kwanza. Kisomeni, ila msikiamini haraka. Hakimwelezi mwanamke yeyote aliye hai: huchukua uzazi wa mwaka mmoja katika kila umri, 15 hadi 49, na kuujumlisha kana kwamba wote ni mtu mmoja. Wanawake wakiahirisha kuzaa, kinaporomoka hata kama watazaa baadaye. Japani kilishuka hadi watoto 1.58 kwa mwanamke mwaka 1966 kwa sababu wengi waliogopa kumzaa binti katika mwaka ulioaminika kuwa na mkosi. Mwaka uliofuata kilipita 2. Mkitaka kulinganisha bibi, mama na binti, hesabuni, rika kwa rika (waliozaliwa miaka ileile), watoto wa wanawake waliokwisha kuvuka umri wa kuzaa.

Halafu kuna ile sentensi ya kila ripoti: "elimu hupunguza uzazi." Kwa njia ipi? John Bongaarts, mtaalamu wa takwimu za idadi ya watu, alionyesha mwaka 1978 kwamba elimu, kipato na makazi hufanya kazi kupitia mambo machache yanayogusa uzazi moja kwa moja: ndoa, uzazi wa mpango, utoaji mimba, na muda wa kunyonyesha. Shule huchelewesha ndoa, tena humpa mwanamke kazi ambayo kuiacha ni hasara. Lakini miaka michache tu ya shule, mahali ambapo uzazi wa mpango haujafika, inaweza hata kuongeza uzazi, kwa kuwa kunyonyesha, ambako huchelewesha mimba, kunafupishwa. Hilo huwashangaza wengi.

Kipato nacho msikipe sifa zote. Bangladesh ilishuka kutoka zaidi ya watoto 6 kwa mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi kama 2.3 mwaka 2011, ingali nchi maskini. Huko Matlab, eneo la mashambani nchini humo, kuanzia 1977, wahudumu wa kike walipeleka vidonge na sindano nyumba kwa nyumba, na uzazi ukashuka upesi kuliko vijiji vya jirani.

Mtego wa mwisho, na kwangu ndio mbaya zaidi: kuwauliza mabinti mama zao walizaa wangapi. Aliyezaa wanane ana nafasi nyingi za kutajwa. Asiyezaa hatajwi na yeyote. Kizazi cha mama kitaonekana kilizaa kupita ukweli, na mshuko mtaukuza bure. Waulizeni akina mama wenyewe, au tumieni sensa ya zamani iliyowahesabu pia wasio na watoto.