Peugeot 504 ya 1978 inayotoka mara mbili kwa mwezi: bima gani?

Ndugu, usianze kwa kuulizia bei, anza na tathmini. Mthamini akague bodi, injini, viti na namba ya chasi, apige picha, kisha omba kampuni iandike kwenye mkataba kwamba hiyo ndiyo thamani iliyokubaliwa. Bila maneno hayo, gari likiibwa utalipwa bei ya soko ya siku ile, na machoni pa soko 504 ni mkweche tu.

Usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Gari la 1,500,000 ukiliandikisha kwa 900,000, halafu ajali ilete hasara ya 300,000, wanaweza kukulipa kwa uwiano: 900 kwa 1,500, yaani 180,000, na bado wakate sehemu ya kwanza ya hasara, ile unayobeba mwenyewe.

Hapa Kenya kampuni nyingi zina kikomo cha umri wa gari kwa bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe. Wakikukatalia, omba ya mtu wa tatu (hasara unayowasababishia wengine) pamoja na moto na wizi. Hiyo hulinda gari hata likiwa limelala gerejini. Ile ya mtu wa tatu pekee hupatikana kwa cheti cha mwezi mmoja, ila kikiisha usitoke hata kwenda kujaza mafuta.

Uliza pia kuhusu vipuri: watakata uchakavu kiasi gani kwenye kipuri kipya? Bampa ya kromu si ya kuokota Kirinyaga Road, Nairobi, kila siku. Na ukilikodisha kwa harusi hata mara moja, hiyo ni biashara, bima ya gari binafsi haiigusi.