Upinde Wangu Ulilala Kituoni Siku 19: Soma Kabla Hujaupokea Wako

Juzi usiku kijana mmoja wa Liwale aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimenunua upinde kwa mtu wa Dar, unafika Ijumaa kwa basi. Nimesoma kwamba Uingereza mtu hahitaji leseni ya upinde. Na huku kwetu je?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta bado naandika saa saba usiku. Nimeona bora nijibu hapa, maana najua mko wengi mnaotamani kusimama mita 70 kutoka kwenye shabaha ya sentimita 122, kama wale wa Olimpiki, na mnaanza kwa pupa kama nilivyoanza mimi.

Wangu niliupata 2021. Upinde wa mbao unaofungulika vipande vitatu, wa nguvu ya kuvuta ya paundi 24, unaomfaa mtu anayejifunza. Mazoezi nilifanyia Naliendele, chini ya mikorosho ya nyumbani, nikilenga kiroba nilichokishindilia makumbi ya nazi. Makumbi hayana mfano: mshale unazama, unashikwa, na ukiuvuta unatoka na wano, yaani kijiti chake, zima, vumbi la kahawia likikumwagikia kiganjani. Mwezi wa kwanza ugwe, ile kamba ya upinde, ulinichapa ndani ya kiwiko mpaka ngozi ikawa ya zambarau. Mwezi wa tatu, kwa mita 18, niliingiza mishale mitano kati ya sita ndani ya duara lisilozidi sahani ya ubwabwa. Hakuna aliyeniona. Nilipiga magoti palepale mchangani nikamshukuru Mungu.

Desemba ya mwaka huohuo mjomba wangu wa Nanyumbu akaugua, mama akanituma nimpelekee dawa na hela. Nikaubeba na upinde. Nilitaka auone, kwa sababu yeye ndiye aliyenichongea wa kwanza, wa mti, nikiwa darasa la tatu.

Baada ya Masasi basi likasimamishwa kwenye kizuizi. Askari akafungua begi langu refu, akatoa kipande kimoja kimoja, akavipanga juu ya kiti.

"Hii ya kazi gani?"

Jibu lilikuwa jepesi: ya mchezo, afande. Mimi nikamwambia, "Kuna sheria gani inayonikataza?"

Ninayajutia maneno hayo mpaka leo. Tangu wanamgambo washambulie kijiji cha Kitaya, mpakani na Msumbiji, Oktoba 2020, ukanda wote wa Mto Ruvuma hauna mzaha na kitu chochote kinachofanana na silaha. Tena nilikokuwa naelekea ni jirani na Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule. Sikuwa na risiti, sikuwa na barua. Na ndani ya podo, mfuko wa mishale, katikati ya mishale ya mazoezi, mlikuwa na miwili yenye vigumba, yaani ncha, vipana vya chuma. Nilimvukutia mhunzi makaa siku nzima ili anitengenezee, kwa sababu macho yangu yalivipenda tu. Kigumba kipana ni cha kuchinjia mnyama. Askari yeyote anakijua.

Nililala kituo cha polisi siku mbili. Dawa ya mjomba ilifika siku ya tatu. Upinde ulikaa siku 19, na niliporudishiwa, mkono wake wa juu ulikuwa na ufa. Hakuna aliyesema pole. Mjomba alifariki mwaka uliofuata bila kuniona nikirusha hata mshale mmoja, na hilo bado linanichoma.

Sasa sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inahusu bunduki, bastola na risasi zake. Upinde hauna mtutu wala baruti, kwa hiyo hutaombwa leseni kama ya bunduki. Wengi tunaishia hapo kusoma. Lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, inataja upinde na mshale waziwazi: ndani ya pori la akiba huruhusiwi kuwa navyo bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Kuwa navyo tu, hata kama hujamlenga kanga. Kwenye hifadhi ya taifa, ukikutwa na silaha, ni juu yako kumridhisha ofisa kwamba hukuja kuwinda. Wewe wa Liwale, Hifadhi ya Nyerere iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019 iko mlangoni kwako. Kuwinda kunataka leseni yake, na sumu kwenye mshale ni marufuku. Kanuni ya Adhabu nayo inamtia hatiani anayetembea hadharani na silaha kwa namna ya kutisha watu. Hata hao Waingereza unaowasoma, sheria yao ya 1981 imekataza kuwinda kwa upinde. Kumiliki ni jambo moja, kutumia ni jingine.

Kwa hiyo mdogo wangu, tunza risiti. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji akuandikie barua: jina lako, unafanyia wapi mazoezi, kwamba ni mchezo. Toa nakala, moja ikae kwenye begi siku zote. Safarini ugwe uwe umevuliwa, mishale iwe ya ncha butu za mazoezi, basi. Achana na vigumba vya mhunzi. Na ukiulizwa, jibu kwa heshima. Narudia: jibu kwa heshima, hata kama unajua haki yako, maana haki inayosemwa kwa kiburi husikika kama kesi. Vijana wengi tunapenda upinde kwa sababu unatufanya tujione wanaume. Acheni hiyo. Mtu anayeshika kitu kinachoweza kuua lazima awe mpole kuliko wenzake wote mtaani.

Mimi barua yangu ninayo, imekunjwa mara nne, mhuri umeanza kufifia. Mwaka jana nilisimamishwa mara mbili, na mara zote mbili nilipanda basi lilelile nililoshuka.

Ijumaa ukienda kuupokea, usiufungulie stendi, hata marafiki wakikusihi. Ufike nyumbani ukiwa kwenye katoni yake. Jumatatu asubuhi, kabla hujavuta hata mshale mmoja, uwe ofisini kwa mwenyekiti.