Kugombana na paroko ndo farakano?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo mwalimu. Kwaya yetu tuligombana na paroko kisa pesa za sare, baadhi yetu tukasusa, sasa tunakutana kwa mwenzetu tunasali rozari na Misa ya Jumapili hatuendi. Mzee mmoja wa jumuiya katutangazia mbele za watu kwamba sisi ni watu wa farakano, tushatengwa na Kanisa. Tena shangazi yangu kaolewa na Muanglikana wa Mkunazini, mzee kasema na huyo mume ni farakano vile vile. Usingizi sipati. — Mama wa kwaya, Unguja

JIBU: Milele amina mama. Kwanza tulia, maana hilo neno ni zito na mzee kalitupa ovyo, na mie linaniuma sana nikisikia watu wanatishwa nalo.

Kanuni ya 751 ya sheria za Kanisa, zile za 1983, inasema farakano ni kukataa kumtii Baba Mtakatifu, au kukataa ushirika na wakristo walio chini yake. Basi. Hapo hapo imetajwa uzushi, yaani mbatizwa kuing'ang'ania kuikana kweli ya imani, na uasi, yaani kuutupa Ukristo wote. Sasa niambie, nyie mmemkataa Papa? Mmesema Askofu wetu wa Zanzibar si askofu wenu? Mmegombana na padri mmoja juu ya pesa za vitambaa, na kwenye rozari yenu nina hakika bado mnamuombea Baba Mtakatifu.

Farakano lenyewe ukitaka kuliona, mwaka 1988 Askofu mkuu Marcel Lefebvre alikatazwa na Papa Yohane Paulo II kuweka maaskofu, akawaweka wanne kule Écône, Uswisi, Papa akasema hicho ni kitendo cha farakano. Juzi juzi tu, 2024, Askofu mkuu Viganò alitangaza hadharani hamtambui Papa Fransisko, Roma ikamhukumu kwa kosa hilo. Hao walijua wanachofanya. Adhabu yake ni kutengwa na inajishika yenyewe, yaani bila kungoja hukumu ya mtu, kanuni ya 1364, lakini sheria hiyo hiyo inamtoa asiyejua bila kosa lake, na mtoto wa chini ya miaka 16, na aliyetenda kwa hofu kubwa adhabu ya kujishika yenyewe haimpati. Yaani sheria ina huruma kuliko mzee wenu.

Na hata ugomvi wa mapapa wenyewe haukuwa rahisi kuuhukumu, kuanzia 1378 mpaka 1417 kulikuwa na waliojiita Papa, mmoja Roma mwengine Avignon kule Ufaransa, watu wa Mungu wakagawika, Katarina wa Siena alikuwa na wa Roma, Visenti Ferrer akasimama na wa Avignon, na wote wawili leo ni watakatifu!

Mume wa shangazi usimguse. Kazaliwa na kulelewa Anglikana, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1964 waliozaliwa kwenye jumuiya hizo hawawezi kubebeshwa dhambi ya kujitenga. Halafu kanuni ya 11 inasema sheria zinazotungwa na Kanisa zinawabana waliobatizwa Katoliki au waliopokelewa humo, yeye hayumo. Ubatizo wake Kanisa linautambua, mwiteni ndugu.

Ila mama nami sikufichi, kususa Misa ya Jumapili bila sababu kubwa ni dhambi nzito, si farakano lakini ni dhambi, na ukiendelea hivo mwaka ukapita mtazoea kuishi bila padri wala altare. Hasira za sare zina njia yake, kanuni ya 212 inawapa waamini haki ya kuwaeleza wachungaji mahitaji yao, tena kwa heshima. Andikeni barua, wekeni hesabu ya pesa mlizochanga, mpelekeeni paroko, akikaa kimya ipelekeni kwa Baba Askofu. Wewe Jumamosi hii kaungame, Jumapili kapokee komunyo, na mzee akikuuliza mwambie akasome 751.