Ikoni ya kitu kisichoonekana: chora kinachoshikwa mkononi

Mkuu, umeuliza uchore nini kwenye vitufe vya "Deni", "Mipangilio" na "Vinginevyo" katika programu yako ya mauzo, maana kila unachochora watu wanakiona kingine. Nimewachorea wafanyabiashara wadogo wa hapa Tanga programu za namna hiyo, basi nikupe ninavyofanya.

Deni halina umbo, usihangaike kulitafuta. Tazama mtu anashika nini anapokopesha. Maduka ya Ngamiani ni daftari la kaunta, kona zimekunjamana, kalamu imefungwa kamba isiibiwe. Nikalichora hivyo hivyo, kamba ikining'inia. Mama mmoja muuza dagaa pale Mgandini alipoliona akacheka: "Humu ndimo walimo wanaonikimbia, mwanangu." Siri ni ile kamba. Ukiitoa, linabaki daftari la shule.

Mipangilio usiiguse. Najua mji wetu ni wa baiskeli, na lile gurudumu la meno la kitufe hicho ukimwonyesha mzee bila maandishi atakuuliza spea bei gani. Lakini simu zote zinalo, watu wameshalizoea. Hata mistari mitatu ya menyu, aliyoichora mbunifu Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya 1981, haifanani na chochote kinachoshikwa mkononi. Imebebwa na mazoea tu. Susan Kare naye, mchora ikoni wa Apple, kwenye kompyuta yao ya Macintosh ya 1984, kwa kitufe cha amri (Command) cha kibodi hakubuni kipya, aliazima ⌘, alama inayotumika Sweden kuonyesha mahali pa kutembelea. Wenzetu walikuwa na kampuni kubwa za kuwazoesha watu. Mimi na wewe hatuna, kwa hiyo tuazime kilichokwisha zoeleka.

"Vinginevyo" andika neno, basi. Nukta tatu pembeni ukipenda. Wabunifu watakwambia maandishi yanaharibu urembo. Waambie wakauze samaki alfajiri, mkono umelowa, skrini imepasuka, halafu wabahatishe picha.

Ukijaribu, ficha maandishi na uonyeshe ikoni kwa ukubwa ule ule wa kwenye simu. Usiulize "hii ni nini?", watu watakutajia kitu walichokiona tu. Uliza "ukibonyeza hapa, kitatokea nini?" Wakijibu kila mtu lake, hiyo picha itupe.

Weka hapa ulizochora, ila usizikuze.